Adhabu ya wizi inapozidishwa mara mbili: mfanyakazi ajue nini



Katika mikutano yetu swali moja limerudi tena na tena, hasa kutoka kwa wale wa zamu ya usiku viwandani na wachumaji wa mashamba ya chai. Mtu mmoja ameiba akafungwa mwaka mmoja. Mwingine ameiba kitu kile kile, cha bei ile ile, akafungwa miaka miwili au zaidi. Kwa nini? Wengine husema ni upendeleo, wengine husema hakimu amepewa kitu. Mara nyingi jibu si hilo. Jibu limo ndani ya sheria yenyewe, na asiyeijua hushangaa siku ya hukumu, wakati kushangaa hakumsaidii tena.

Sheria ya makosa na adhabu ya Rwanda imechapishwa katika Gazeti la Serikali kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Hapa Gisenyi wenzetu wengi, hasa wa karibu na mpaka wa Goma, husoma na kuzungumza Kiswahili kuliko lugha hizo. Ndiyo maana tunaieleza katika kurasa hizi. Mimi si mwanasheria, shule yangu iliishia ya msingi. Lakini sheria imeandikwa kwa ajili ya watu wote, na mtu akiisoma polepole, neno kwa neno, ataielewa.

Kwanza tuseme jambo moja wazi. Chama hakitetei wizi. Mali ikiibwa kiwandani wote tunaumia: milango hufungwa, wenzetu hupekuliwa kama wahalifu kila jioni, na mwajiri hupata sababu ya kukataa nyongeza ya mishahara. Lakini kuna tofauti kati ya kutetea wizi na kutaka kila mtu aijue adhabu kabla hajatenda, na akishatenda, ahukumiwe kwa kosa lake na si kwa zaidi.

ADHABU YA MSINGI NA NYONGEZA YAKE

Kila kosa lina adhabu yake ya msingi. Sheria hutaja kiwango cha chini na kiwango cha juu, na hakimu huchagua katikati yake. Halafu sheria hutaja mambo ambayo, yakiwepo wakati wa kosa, hufanya adhabu ipande. Kwa Kinyarwanda mambo hayo huitwa impamvu nkomezacyaha, yaani sababu za kulifanya kosa kuwa zito. Yapo pia yanayoishusha, nayo huitwa impamvu nyoroshyacyaha. Mfanyakazi anayepelekwa mahakamani ni lazima ajue yote mawili. Wengi hujua kosa tu, hawajui ngazi za kupanda wala za kushuka.

KUTOKA 1977 MPAKA 2018

Kwa miaka mingi Rwanda ilitumia sheria ya adhabu ya mwaka 1977. Mwaka 2007 adhabu ya kifo ilifutwa. Mwaka 2012 ikatoka sheria mpya ya adhabu. Halafu tarehe 30 Agosti 2018 ikatiwa sahihi sheria namba 68/2018, iliyochukua nafasi ya ile ya 2012. Siku hiyo hiyo ilitiwa sahihi pia sheria ya kazi, namba 66/2018. Basi mfanyakazi alipata sheria mbili mpya kwa siku moja: moja ya mkataba wake, nyingine ya makosa yake. Wengi waliisikia ya kwanza. Ya pili hawakuisikia.

Tazameni jinsi wizi wa kawaida, usio na nguvu wala vitisho, ulivyobadilika.

Sheria ya 2012 ilisema: kifungo cha miezi 6 mpaka miaka 2, na faini ya mara 2 mpaka mara 5 ya thamani ya kitu kilichoibwa, au moja ya adhabu hizo.

Sheria ya 2018 ilisema: kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 2, faini ya faranga 1,000,000 mpaka 2,000,000, na kazi za manufaa ya umma kwa miezi 6, au moja ya adhabu hizo.

Mabadiliko ni matatu. La kwanza, kifungo cha chini kilipanda kutoka miezi 6 mpaka mwaka mzima. La pili, kazi za manufaa ya umma ziliingia kama adhabu inayoweza kutolewa peke yake, na hili ni jambo jema. La tatu ndilo zito kwa mtu wa mshahara mdogo: faini haifuati tena thamani ya kitu. Aliyeiba cha faranga 6,000 na aliyeiba cha faranga 600,000 wote huanzia faranga 1,000,000.

MAMBO YANAYOIZIDISHA MARA MBILI

Sheria ya 2018 haikuishia hapo. Kifungu chake cha 167 kilitaja mambo ambayo yakiwepo, adhabu ya wizi huzidishwa mara mbili. Yanayotugusa sisi zaidi ni haya:

1. Mwizi amevunja, amepanda ukuta au uzio, au ametumia hila ili aingie.

2. Wizi umefanyika katika nyumba ya kukaliwa na watu, au katika majengo yanayoambatana nayo.

3. Wizi umefanyika usiku.

4. Wizi umefanywa na watu zaidi ya mmoja.

Si lazima yote yawepo. Moja tu likithibitishwa, linatosha.

Sasa fikirini kazi zetu zilivyo. Kiwanda hakilali, nusu ya wenzetu wako kazini usiku. Mizigo hubebwa na watu wawili au watatu, gunia haliinuliwi na mtu mmoja. Kwa hiyo kosa likitokea kazini, mara nyingi hutokea usiku, na mara nyingi huwa na zaidi ya mtu mmoja. Yule aliyeiandika sheria alimfikiria mwizi wa mjini anayevunja mlango watu wamelala. Lakini maneno ya sheria ni "usiku", na mfanyakazi wa zamu ya usiku naye yuko ndani ya neno hilo. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

TUPIGE HESABU

Tuchukue mfano wa kubuni. Wafanyakazi watatu wa zamu ya usiku wanatoa bidhaa ya faranga 6,000. Mmoja anaibeba, mmoja anafungua lango, wa tatu anasimama njiani kuangalia kama mlinzi anakuja. Wanakamatwa asubuhi.

Kwa adhabu ya msingi ya 2012, faini ingekuwa kati ya faranga 12,000 na faranga 30,000, na kifungo kingeanzia miezi 6.

Kwa adhabu ya msingi ya 2018, kifungo kinaanzia mwaka 1 na faini inaanzia faranga 1,000,000.

Kwa kuwa ni usiku na ni zaidi ya mtu mmoja, vyote vinazidishwa mara mbili: kifungo kutoka miaka 2 mpaka 4, faini kutoka faranga 2,000,000 mpaka 4,000,000.

Tuseme mtu anapata faranga 2,000 kwa siku. Faini ya faranga 2,000,000 ni mshahara wa siku 1,000 za kazi, bila kula na bila kulipia mtoto shule. Na hiyo ni kwa mzigo wa faranga 6,000, ambao wakigawana, kila mmoja anapata faranga 2,000. Yaani siku moja ya kazi inalipwa kwa siku elfu moja.

Na yule wa tatu, aliyesimama njiani tu? Hapa vijana wengi hudanganywa. Huambiwa: "Wewe huibi, wewe unaangalia tu." Sheria ya Rwanda inamwadhibu msaidizi wa kosa sawa na aliyelitenda. Msaidizi kwa Kinyarwanda ni icyitso. Tena kuwapo kwake ndiko kunakoweza kuufanya wizi uwe wa watu zaidi ya mmoja. Naye anayeficha nyumbani kitu anachojua kuwa kimeibwa ana kosa lake pia.

Mambo mawili zaidi. Wizi ukitumia nguvu, vitisho au silaha, huo si wizi wa kawaida tena. Ni kosa jingine lenye kifungo kirefu zaidi. Na mtu aliyekabidhiwa mali, kama mtunza stoo au dereva, akiila mali hiyo, anaweza kushtakiwa kwa kuvunja uaminifu, ambalo pia ni kosa la peke yake katika sheria ile ile, na kifungo chake cha chini kinakizidi cha wizi wa kawaida. Ufunguo mfukoni ni heshima, lakini ni mzigo pia.

KURUDIA KOSA

Nyongeza ya namna nyingine ni ya yule anayerudia, kwa Kinyarwanda insubiracyaha. Mtu aliyekwisha kuhukumiwa, akatenda kosa tena ndani ya muda uliowekwa na sheria, hupewa adhabu kali zaidi ya mtu wa mara ya kwanza.

Lakini hapa kuna haki ya kulindwa. Kinachohesabiwa ni hukumu ya mwisho ya mahakama. Kushukiwa si hukumu. Kukamatwa na kuachiliwa si hukumu. Barua ya onyo ya mwajiri si hukumu. Tumesikia watu wakisema mbele ya wapelelezi, "Huyu tunamjua, ni mwizi wa siku zote." Maneno hayo hayamfanyi mtu kuwa mrudiaji mbele ya sheria. Karatasi ya mahakama ndiyo inayomfanya.

NGAZI ZA KUSHUKA

Baada ya kuona ngazi za kupanda, tuzione za kushuka. Sheria ya 2018 ilitaja mambo yanayoweza kumfanya hakimu apunguze adhabu. Miongoni mwake: mshtakiwa kujuta na kumwomba radhi aliyemkosea kabla hajashtakiwa, na kulipa hasara kadiri awezavyo, mshtakiwa kukiri kosa kwa moyo wa kweli, na kosa lenyewe kuwa na madhara madogo. Hakimu ndiye anayepima, na ni lazima aeleze sababu zake katika hukumu.

Ila sheria ya 2018 ilipotoka iliweka sakafu. Hakimu aliruhusiwa kupunguza, lakini asishuke chini ya kiwango cha chini cha kosa. Hata kifungo cha maisha kikipunguzwa, kisiwe chini ya miaka 25. Hapo ndipo wengi, hata mahakimu na mawakili, walipoanza kulalamika. Maana kama sakafu ni ya juu, na juu yake nyongeza imezidishwa, mtu wa kosa dogo hana pa kushukia.

Lakini milango mingine ilibaki wazi. Maneno "au moja ya adhabu hizo" ni ya thamani kubwa: hakimu anaweza kutoa kazi za manufaa ya umma peke yake, pasipo kifungo. Tena ipo isubikagihano, yaani kusimamisha utekelezaji wa kifungo, hasa kwa mtu wa kosa la kwanza. Aliyepewa hiyo hurudi nyumbani, lakini akitenda kosa jingine ndani ya muda aliowekewa, cha zamani na kipya vinaweza kumwangukia pamoja. Asidhani amesamehewa.

MAHAKAMA NA SAKAFU YA ADHABU

Desemba 2019 Mahakama ya Juu Kabisa, Urukiko rw'Ikirenga, ilitoa uamuzi ulioitikisa sheria hiyo. Wakili mmoja alikuwa amekishtaki kifungu kuhusu kumnajisi mtoto, kilichoweka kifungo cha maisha kisichoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote. Mahakama ikasema kumfunga hakimu mikono namna hiyo kunapingana na Katiba, maana haki ya kuhukumiwa kwa haki ni pamoja na hakimu kuwa huru kuipima adhabu kulingana na kosa na mtu aliye mbele yake.

Hakuna aliyesema kosa hilo ni dogo. Ni kosa baya sana, na adhabu yake ilibaki kali. Lililoamuliwa ni kwamba hata kosa baya sana huhukumiwa na hakimu anayepima, si na karatasi iliyokwisha kuamua kabla mtu hajasikilizwa. Desemba 2023 sheria ya 2018 ilirekebishwa, na hakimu akapewa nafasi pana zaidi ya kupunguza adhabu kuliko mwanzo. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kitabu cha 2018, mwulize kama kina marekebisho ya 2023. Sheria ya zamani mkononi ni sawa na ratiba ya basi ya mwaka jana.

WENGINE WALIPITIA HAYO

Nchi nyingine zimekwisha kuipita njia hii. Tanzania mwaka 1963 ilitunga sheria ya adhabu za chini. Wizi wa mali ya umma, rushwa na makosa mengine kadhaa yalipewa kifungo kisichopungua miaka 2 pamoja na viboko 24, nusu mtu akiingia gerezani na nusu akitoka. Hakimu aliachiwa mlango mdogo tu: mtu wa kosa la kwanza, mali isiyozidi shilingi 100, na sababu maalumu. Mwaka 1972 ikatungwa sheria nyingine badala yake, na viboko hivyo vikaachwa.

Kenya, sheria ya wizi wa kutumia nguvu iliweka hukumu ya kifo kama mwizi ana silaha ya hatari, au amejeruhi, au yuko na mwenzake hata mmoja. Tazameni tena neno hilo la "mwenzake". Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba kumlazimisha hakimu kutoa hukumu ya kifo kwa kosa la kuua ni kinyume cha Katiba. Wafungwa wa wizi wa nguvu nao wakatumaini. Lakini mwaka 2021 mahakama hiyo ikaeleza kwamba uamuzi wake ulihusu kosa la kuua peke yake. Somo ni hili: uamuzi wa kosa moja hauhami wenyewe kwenda kwenye kosa jingine.

Marekani, jimbo la California, mwaka 1994 walitunga sheria ya makosa matatu: mwenye makosa mawili mazito ya zamani, akitenda la tatu, kifungo ni miaka 25 mpaka maisha, hata kama la tatu si la nguvu. Mtu mmoja aliiba kanda tisa za video, thamani yake kama dola 150, kwa safari mbili. Alihukumiwa kutumikia angalau miaka 50. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya nchi yao ilikubali hukumu hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4. Wananchi wenyewe ndio walioirekebisha sheria kwa kura mwaka 2012, ikawa kosa la tatu kwa kawaida liwe zito au la nguvu.

Kila mahali mwendo ni mmoja. Watu huchoshwa na wizi, sheria inakazwa. Miaka inapita, inaonekana nyavu iliyowekewa papa imejaa dagaa, na inalegezwa kidogo. Wanaoumia katikati ni wale wasiojua sheria na wasio na fedha za wakili. Ndio sisi.

LA KUFANYA

Kwanza, kila kamati ya kiwanda na ya shamba iyasome maneno haya kwa sauti katika mkutano, hasa kwa vijana wapya wa zamu ya usiku. Kijana akijua kwamba kusimama njiani tu kunaweza kumpeleka miaka 2, atasita. Hilo litawalinda wengi kuliko kufuli.

Pili, ukikamatwa, uliza unashtakiwa kosa gani hasa, na kama kuna sababu ya kuzidisha adhabu. Mbele ya wapelelezi wa RIB una haki ya kuelezwa kosa lako, ya kuwa na wakili na ya kutafsiriwa kama lugha huielewi. Usitie sahihi maneno ambayo hujasomewa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Tatu, ukumbuke kwamba kuthibitisha ni kazi ya mwendesha mashtaka. Akisema ilikuwa usiku, athibitishe. Akisema mlikuwa watatu, athibitishe. Wizi ukionekana asubuhi haimaanishi kwamba ulifanyika usiku. Penye shaka, shaka ni ya mshtakiwa.

Nne, usikubali mapatano ya kukiri kosa pasipo kuyaelewa. Tangu Oktoba 2022 mpango wa mshtakiwa kupatana na mwendesha mashtaka umeanza kutumika, nao ulianzia kwenye makosa kama wizi na kupiga. Unaweza kumsaidia aliyekosa kweli. Lakini aliye safi asikiri ili tu aende nyumbani haraka, maana hukumu hiyo itabaki jina lake, na siku ya kurudia itahesabiwa.

Tano, wasio na fedha waende ofisi ya MAJ wilayani. Huko hutolewa msaada wa sheria bila malipo. Na asiyeridhika na hukumu akate rufaa mapema. Muda ni mwezi mmoja tu.

Sita, kesi ya wizi na mkataba wa kazi ni mambo mawili. Mwajiri anaweza kukuachisha kwa kosa zito, lakini kwa maandishi yenye sababu, nawe unaweza kupeleka shauri kwa wajumbe wa wafanyakazi, kisha kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya. Mwajiri si hakimu. Haruhusiwi kukufungia stoo, kukupiga, wala kukutoza faini ya jinai.

Chama kinataka jambo moja katika mazungumzo yote ya sheria hii: adhabu ifuate uzito wa kosa. Aliyebeba kilo mbili asilinganishwe na aliyebeba lori, na zamu ya usiku, ambayo mfanyakazi hakuichagua mwenyewe, ipimwe kwa busara kabla ya kumzidishia mtu miaka. Kamati zenye maswali ziyaandike na kuyaleta katika mkutano ujao, pamoja na nakala ya hukumu yoyote waliyo nayo. Swali lililoandikwa hujibiwa vizuri kuliko manung'uniko ya langoni.